Kibendera Mbele ya Mama Mkwe

Nimeacha kazi ya pembeni mwa uwanja kwa sababu ya magoti. Nayataja magoti mapema ili asitokee mtu wa Birongo kudai kwamba nimefukuzwa. Vijana watatu mnaochukua nafasi yangu mliniomba niwaandikie niliyojifunza, nami nikatumia wiki mbili kufikiri kama kweli mnataka kujifunza au mlitafuta tu njia ya kuniaga kwa heshima. Sijapata jibu. Naandika hivyo hivyo, tena kwa Kiswahili, kwa kuwa mmoja wenu ametoka kando ya ziwa na Ekegusii chake kinaishia kwenye salamu.

Habari za vyeo sitawaandikia. Mshika kibendera hapandi. Huenda mbele na kurudi nyuma, nusu ya uwanja, mpaka magoti yakatae.

Nilianza katika miaka ya thelathini, mara tu baada ya kuhitimu ualimu. Nilikuwa kijana mwembamba, mwenye cheti kipya na wasiwasi wa zamani. Nilipangiwa shule karibu na Ikonge, ambako ndiko kwetu, na Jumatatu ya kwanza mwalimu mkuu akanitazama kuanzia chini kwenda juu.

"Mwalimu, una viatu," akasema. "Jumatano utashika kibendera."

Mtihani wangu wote ulikuwa huo. Wachezaji walicheza miguu mitupu, na ilionekana vizuri kwamba wasimamizi watofautiane nao mahali fulani. Kuhusu Jumatano, msishangae. Jumamosi Wasabato walikuwa na ibada, Jumapili Wakatoliki walikuwa na yao, kwa hiyo mpira ulichezwa siku za kazi, na makanisa yote mawili yakaungana katika kutofanya kazi.

Niliazima kijitabu cha sheria na kukisoma kwa siku mbili kama mtu anayesoma hukumu yake mwenyewe. Kilisema mshika kibendera aonyeshe mpira unapotoka. Nikajiuliza: nusu ya mpira ikitoka je? Mpira ukiwa nje lakini kivuli chake ndani? Mpira ukienda kwenye migomba na kurudi wenyewe, maana uwanja wa Ikonge umeinama? Usiku wa Jumanne niliandika maswali kumi na manne. Jumatano hakuna hata moja lililotokea. Kilichotokea ni kwamba nilikimbia na mpira. Ulipokwenda kulia nilikwenda kulia, uliporudi nilirudi, nikihema, kibendera juu kama mtu anayefukuza nyuki. Mama mmoja aliyekuwa akiuza ndizi mbivu aliniuliza mbele za watu, "Mwalimu, wewe mbona unaufuata tu na huupigi?"

Refa siku ile alikuwa Bwana Okelo, karani wa mjini Kisii. Alikuwa mtu wa ziwani, mrefu na mpole, na alikuwa amejifunza mpira Kisumu. Wakati wa mapumziko aliniita pembeni.

"Mwalimu, mpira ni wa nani?"

"Ni wa timu zote mbili, Bwana."

"Mpira ni wangu. Mimi ndiye ninayeufuata. Wewe kaa na beki. Beki wa mwisho akienda hatua moja, nawe nenda hatua moja. Akisimama kujikuna, simama. Akirudi golini, rudi naye. Ukiwa sawa naye, mstari mmoja, ndipo utajua nani ameotea."

Haya ndiyo mafunzo yote niliyopata maishani, na sijaona kijitabu kilichoyazidi. Nayaeleza kwa ajili ya yule kati yenu ambaye wiki jana alikuwa katikati ya uwanja akila njugu. Mshambuliaji anapopigiwa pasi ni lazima kati yake na mstari wa goli wawepo watu wawili wa upande wa pili, na kwa kawaida hao ni kipa na beki wa mwisho. Kwa sheria zetu, akiwa sawa kabisa na beki, ameotea. Akiwa nyuma yake, mbali zaidi na goli, hata kwa upana wa mkono, hajaotea. Upana wa mkono hauonekani ukiwa umesimama hatua kumi kando. Utaona kitu, lakini si hicho. Ukichelewa, mshambuliaji aliye karibu nawe ataonekana amempita beki aliye mbali, kumbe bado yuko nyuma yake. Nenda kasimame kando ya safu ya mahindi ujaribu. Shina la karibu daima linaonekana kutangulia.

Bwana Okelo alikimbia kutoka kona moja kwenda kona ya pili, kwa mshazari. Sisi washika vibendera wawili tulifunga zile sehemu alizoziacha, kila mmoja nusu yake ya mstari. Alinifundisha kukimbia ubavu, uso uwanjani, na kushika kibendera kwa mkono ulio upande wa refa. Aliniambia nisijibu watazamaji. Nilimuuliza je, wakiwa wamekosea kanuni? Akasema hapo hasa ndipo nisiwajibu.

Kuhusu kifaa chenyewe, nimeshika vya kila namna. Cha kwanza kilikatwa kwenye kaptura kuukuu ya kaki, rangi ya nyasi za Januari, na kwa muhula mzima hakuna aliyekiona isipokuwa mimi. Cha pili kilikuwa chekundu, na fahali wa jirani alikiona kabla ya refa. Cha tatu nilikishona mwenyewe kwa kitambaa cha manjano, kikubwa kama leso ya kichwani, na kukifunga kwenye fimbo ya mti wa kahawa. Mvua ya saa tisa ikinyesha, nayo kwetu hunyesha kama imeajiriwa, kitambaa hujiviringisha kwenye fimbo na unabaki umeinua kijiti. Shoneni kokoto moja kwenye pembe ya chini. Kokoto dogo. Nilipoweka kubwa lilinipiga sikioni.

Miaka ya vita, na ile iliyofuata, nitaipita upesi. Mipira ilikuwa adimu kuliko washika vibendera. Baadaye vikaja viatu vya wachezaji, zikaja filimbi zenye sauti, wakaja na watu waliosoma sheria ili wabishane nazo. Mengi ya hayo mmeyaona. Nabakiza karatasi kwa ajili ya mechi moja, ya mwaka wangu wa tatu, kwa sababu kila mmoja wenu ameisikia ikisimuliwa vibaya.

Mwaka huo nilikuwa nimemchumbia Kerubo, binti wa Marani. Alikuwa amesoma mpaka akanizidi kwa hesabu, na alinipenda, jambo nililolichunguza kwa miezi mingi bila kupata kosa. Wazee wa pande zote mbili walikuwa wamekwisha kuzungumza, na ilibaki siku ya kupeleka ng'ombe. Ndipo chifu alipotoa fahali awe zawadi ya fainali, Birongo na Marani wakaingia fainali, na uwanja ukawa wa Marani. Mimi nikatajwa kuwa mshika kibendera asiye na upande, kwa kuwa nilikuwa mtu wa Ikonge.

Nilimwandikia Bwana Okelo barua ya kurasa mbili. Nilimuuliza kama mtu ambaye ni mkwe nusu basi hana upande nusu, na kama ni hivyo, ni nusu ipi ya uwanja atakayopewa. Alijibu nyuma ya barua yangu mwenyewe: "Njoo na kibendera."

Hapa yule kijana wa ziwani anivumilie, ingawa najua kwao pia ni hivyo. Kwetu kuna chinsoni, yaani heshima ya kuoneana haya, na kali kuliko zote ni ile ya mwanamume na mama wa mke wake. Humkaribii. Humtazami usoni. Mkikutana njiani, mmoja wenu huingia kichakani, na mara nyingi ni wewe. Ikitokea ajali mkawa karibu, unajifunika uso na kupita. Anayevunja heshima hiyo kabla ng'ombe hawajafika anaweza kuambiwa abaki na ng'ombe wake. Jina la mama mkwe wangu sitalitaja. Sijalisahau.

Kila mtu wa Marani aliijua desturi hii, lakini aliyeifikiria kimpira alikuwa mmoja tu, kapteni wao Momanyi, beki mnene mwenye akili nyingi kuliko mbio. Tulipoingia uwanjani nilimwona akiwa amebeba kigoda. Alikiweka kando kabisa ya mstari, upande wangu, sawa na ukingo wa eneo la kipa wa Marani. Kisha akamletea mama mmoja mwavuli na kumkalisha kwa adabu kubwa. Nilitazama viatu vyangu upesi. Nilikuwa nimekwisha kuelewa.

"Karibu kwenu, mkwe wetu," Momanyi akaniambia. "Kuwa huru. Uwanja ni wako wote."

Haukuwa wangu wote. Ulikuwa wangu mpaka hatua kumi kabla ya kile kigoda. Kipindi cha kwanza Marani walilinda goli la upande wangu. Kila Birongo waliposhambulia, Momanyi alirudi nyuma taratibu, mpaka akapita mahali alipoketi mama mkwe wangu, na mimi nilifika hatua kumi na kusimama kama mbuzi aliyefika mwisho wa kamba. Beki wangu ameenda. Mimi nimebaki.

Winga wa Birongo alikuwa kijana mwepesi aitwaye Ombati, na alicheza upande wangu. Alipigiwa pasi, akaonekana amempita Momanyi. Nikainua kibendera. Alipigiwa ya pili. Nikainua tena. Mara zote mbili goli lilikuwa wazi mbele yake.

"Mwalimu!" Ombati akaniita, mikono kiunoni. "Unaniona kutoka wapi? Kutoka Ikonge?"

Watu wa Birongo wakapokea neno hilo. "Mleteeni darubini!" "Mkwe amelipa mahari kwa kibendera!" Sikuwajibu. Niliwaza juu ya mashina ya mahindi, nikajua kwamba ule uliokuwa mkononi mwangu haukuwa uamuzi. Ulikuwa ni kubahatisha, na mara zote mbili bahati ilikuwa ya Marani.

Wakati wa mapumziko, bado bila goli, Bwana Okelo alinijia.

"Unasimama wapi, Mwalimu?"

Nikamwonyesha kwa kidevu, bila kutazama. Akatazama yeye.

"Yule mama ndiye?"

"Ndiye."

"Hata kwetu huyo haguswi," akasema. Akafikiri. "Basi kipindi cha pili nitageuza mshazari wangu. Wewe funga ile nusu nyingine ya mstari wako. Yeye abaki hapa na mwavuli wake."

Nilitaka kumbusu mkono. Timu zilibadilishana magoli, nami nikahamia nusu nyingine, ambako sasa ndiko Marani walikolinda. Kabla filimbi haijalia, nikamwona Momanyi akipita na kigoda. Nyuma yake mama, nyuma ya mama mwavuli, nyuma ya mwavuli wanawake sita wakiimba. Alikalishwa kwenye nusu yangu mpya, sawa na ukingo wa eneo la kipa, kwa adabu ileile. Bwana Okelo alifungua kijitabu cha sheria, akakipekua, akakifunga. Hakina ukurasa wa mama mkwe.

Mechi ikaenda hivyo, sifuri kwa sifuri, mvua ikanyesha na kuacha. Nilikuwa nikifikiri mambo matatu kwa pamoja: kwamba nikipita kile kigoda nampoteza Kerubo, kwamba nisipopita Birongo wanaibiwa na mimi ndiye mwizi, na kwamba kokoto la kibendera lilikuwa limelegea. Zikabaki dakika chache. Ndipo mtu wa Birongo akajiandaa kupiga mpira mrefu, Ombati akaondoka, na Momanyi, aliyekuwa amechoka, akaanza kurudi nyuma kama kawaida yake.

Sijui nani aliamua. Si mimi, maana mimi nilikuwa bado nafikiri. Miguu ilikwenda na beki. Nilipita hatua ya kumi, ya tano, ya tatu, sambamba na Momanyi kabisa, na katika pumzi ile mpira uliondoka mguuni mwa mpigaji. Nilimwona Ombati yuko nyuma ya beki kwa upana wa mkono. Niliona wazi kama ninavyoiona kalamu hii. Hajaotea.

Kisha nikaona mwavuli. Ulikuwa pale pale, ubavuni mwangu, ningeweza kuugusa. Mkono wangu ulikumbuka desturi kabla yangu: ukachukua kitambaa kilichokuwa karibu, ukakiinua, ukanifunika uso.

Kitambaa kilichokuwa karibu kilikuwa kibendera.

Ombati alikuwa amekwisha kufunga. Bwana Okelo alikuwa ameuona mpira ukiingia, akageuka, akaona manjano hewani kando ya mstari, akapiga filimbi. Marani wakarukaruka. Birongo wakaja juu, wote kumi na mmoja na wengine ambao hawakuwa kwenye timu. Okelo akanijia mbio, akasimama mbele yangu. Mimi nilikuwa nimerudi kinyumenyume hatua kumi, kibendera bado kiko usoni.

"Teremsha hicho," akasema. Nikateremsha. "Ameotea?"

Nifafanue jambo moja la kanuni, maana ndilo lililonibana. Mpira ulikuwa umeingia kabla ya filimbi. Mpaka mchezo uanzishwe tena, refa anaweza kubadili uamuzi wake. Kwa hiyo neno langu moja lilikuwa na goli ndani yake, na fahali. Nikisema ameotea, hakuna atakayejua. Mechi itaendelea sifuri kwa sifuri, Marani watafurahi, na mimi nitaoa. Nikisema hajaotea, nitakuwa nimewanyima wakwe zangu fahali uwanjani kwao, nikiwa nimetoka tu kumpita mama yao kifua mbele.

"Mwalimu," Momanyi akasema kwa sauti ya upole, "tumeona wote kibendera. Usiwe na wasiwasi, mura, kijana wetu."

Nilikuwa na wasiwasi tangu kuzaliwa, lakini siku ile, kwa mara ya kwanza, haukuwa juu ya kile nilichokiona.

"Hajaotea," nikamwambia Okelo.

"Na kibendera?"

"Nilijifunika uso."

Nadhani alikuwa akitafuta namna ya kuyaandika hayo kwenye ripoti. Kisha akaonyesha katikati ya uwanja, na Birongo wakachukua fahali.

Siku nne baadaye baba wa Kerubo aliita kikao. Nilikwenda na baba mdogo wangu, aliyekuwa msemaji wetu. Tulikaa uani. Mama alikuwa ndani ya nyumba, nyuma ya ukuta, kama inavyotakiwa. Momanyi alikuwepo pia, akisema amekuja kama jamaa, na kwa kweli kila mtu Marani ni jamaa.

Nilitegemea kuulizwa habari za goli. Wazee hawakuligusa. Swali lao lilikuwa kama kibendera kilifunika uso wote au sehemu. Ikiwa wote, nimeheshimu. Ikiwa sehemu, nimekosa, na Kerubo abaki kwao. Wakakitaka. Baba mdogo akakitoa mfukoni, akanifunika nacho mbele ya kikao, akakivuta huku na huku.

"Sikio la kushoto liko nje," Momanyi akasema.

"Sikio haliangalii," baba mdogo akajibu.

"Na siku ile ilikuwa mvua. Kitambaa kilikuwa kimejiviringisha. Alishika kijiti tu huyo."

Wakabishana juu ya mvua. Mimi chini ya kile kitambaa nilikuwa nikihesabu maisha yangu bila Kerubo, mwaka mmoja mmoja, na nilikuwa nimefika uzeeni wakati baba wa Kerubo aliponyanyua mkono.

"Aliyekaa pale ni mmoja," akasema. "Tumuulize."

Shangazi mmoja akatumwa ndani. Tukangoja. Tulisikia sauti ikizungumza nyuma ya ukuta, kwa utulivu, kwa muda mrefu kuliko nilivyotarajia. Shangazi akarudi, akasimama katikati ya ua.

"Anasema alijifunika vizuri. Hakuona jicho."

Nilianza kupumua. Momanyi akaanza kunyanyuka.

"Hajamaliza," shangazi akasema. "Anasema mlimkalisha sawa na beki wa mwisho vipindi vyote viwili, na hakuna mtu uwanjani aliyeona kama yeye. Anasema Ombati hakuwa ameotea, na kama huyu mwalimu angesema ameotea, angemfungia mlango leo hii, maana mwongo hawezi kupewa binti. Kwa hiyo ng'ombe waje."

Baba mdogo akaniondolea kibendera kichwani. Wazee walikuwa wakitabasamu.

"Lakini anasema pia," shangazi akaendelea, akinigeukia, "wale wawili wa kipindi cha kwanza nao hawakuwa wameotea. Anauliza ulikuwa ukitazama nini."

Ua wote ukanigeukia. Nashukuru kwamba desturi haimruhusu mkwe kumjibu.